Mhariri Mtendaji Mwenye K Moja

Jamaa wa barazani,

Leo nimeadhirika. Tena si kuadhirika kwa kuteleza sokoni, watu wakacheka wakapita zao. Nimeadhirika kwa maandishi, ukurasa wa mwanzo, nakala zote. Ndiyo maana sipo hapo saa hizi na kikombe changu cha kahawa keshapewa mwengine. Msinitumie mtu. Barua hii naipiga kwa taipu ya ofisini, mlango nimeutia komeo, na mke wangu Zuwena ataileta hapo Jang'ombe. Mmoja wenu aisome kwa sauti, waliobaki wanyamaze. (Najua hamtonyamaza.)

Mnajua kuwa leo ni siku ya tisa tangu nipewe cheo cha Mhariri Mtendaji. Mnajua kwa sababu nimekwambieni kila siku katika siku hizo tisa. Kabla ya hapo nilikuwa msomaji prufu miaka sita, yaani mtu wa kukamata makosa ya wenziwe kabla gazeti halijapanda mtamboni. Na nilikuwa mkali, wallahi. Koma ikikaa pasipo pahala pake, naiona nikiwa nimelala. Basi mhariri aliyepita akahamishiwa idara ya uvuvi (yeye na samaki hawajuani ila sahanini, lakini ndivyo wanavyogawa vyeo siku hizi), na mimi nikapewa kiti chake, meza yake, na kengele yake ya mezani ambayo haina ulimi.

Mkwe wangu, Bi Mwanaidi, mamake Zuwena, hakuvutiwa. Nilipokuwa msomaji prufu alikuwa akiwaambia majirani, "Mume wa Zuwena analipwa kusoma gazeti, na bado anarudi amechoka." Nikamwendea na habari ya cheo kipya. Nikamweleza taratibu: Mhariri Mtendaji ndiye anayeamua habari ipi itoke na ipi ikae. Ndiye anayegawa kazi. Ndiye anayetia saini kila ukurasa kabla haujachapwa, na likitokea kosa ndiye anayeulizwa. Akanisikiliza mpaka mwisho, akitafuna tambuu yake. Kisha akasema, "Haya, mwanangu. Sasa kama wewe ndiye mkubwa, mbona jina lako halimo?"

Likanichoma. Kweli halimo! Limo, lakini ukurasa wa mwisho, chini kabisa, kwa herufi za kutafuta kwa miwani. Basi jana nikatoa amri. Kuanzia leo jina la Mhariri Mtendaji lingekaa ukurasa wa mwanzo, chini ya jina la gazeti, kwa herufi kubwa zile zile za kichwa cha habari. H. A. FAKI. (Mimi ni Haji Ali Faki, hilo mnalijua, lakini wakubwa wote siku hizi wana nukta mbili mbele ya jina, na mimi nikajitilia zangu.)

Hapa lazima nikuelezeni habari ya K, la sivyo hamtonielewa. Gazeti letu linapangwa kwa mkono, herufi moja moja za madini ya risasi, na anayezipanga ni Mzee Mcha, mtu wa Makunduchi, mpole, maneno yake machache, kazi yake safi. Herufi ndogo tunazo tele. Tatizo ni zile kubwa za vichwa vya habari. Zimeletwa katika sanduku kutoka ng'ambo, na aliyezifunga humo hakuwa na haja na K. Ametutilia tatu. Na Q ametutilia tatu! Q! Niandike nini mimi kwa Q? Mzee Mcha akazikata mikia, zikawa O. A zikipungua huipindua V, na ukiitazama kwa mbali ni A. Lakini K haitengenezwi kwa kitu chochote. Moja ilipotea siku tuliyohama jengo, ya pili ikaanguka ikavunjika mguu, ikabaki moja.

Na nyinyi hebu jaribuni kusema jambo lolote la maana kwa Kiswahili kwa K moja. Miezi minne sasa chumba kizima cha habari tunafanya kazi hiyo. Habari ya kiwanda kipya imetoka kwa jina la MTAMBO MPYA. Karafuu zimetoka kwa jina la ZAO LETU. Mkutano wa wakulima na wakwezi uliitwa WATU WA SHAMBA WAONANA, na watu wa shamba wenyewe wakaja kuuliza wameonana na nani.

Sasa ya leo. Saa moja ya asubuhi nimeshafika, nguo imepigwa pasi, kalamu mbili mfukoni (moja haiandiki, lakini inapendeza). Habari kubwa ilikuwepo tayari: jana Mheshimiwa alikwenda Jambiani kufungua vyumba vipya vya skuli. Mheshimiwa huyu ni bwana mkubwa ambaye gazeti letu liko chini ya idara yake. Jina lake silitaji, nina watoto. Kichwa cha habari nikakiandika mwenyewe: MHESHIMIWA AFIKA JAMBIANI. Nikahesabu K. Moja! Nikajipongeza, nikaagiza chai.

Chai haijafika, kafika Mzee Mcha, mikono imejaa wino.

"Shikamoo, Mzee Mcha."

"Marahaba. Mhariri, K ni moja."

"Najua ni moja. Na kichwa cha habari kina K moja. Nimehesabu."

"Na FAKI?"

Lo! Jina langu mwenyewe nilikuwa sijalihesabu.

"Ima AFIKA, ima FAKI," akasema Mzee Mcha. "Zote mbili hazendi. Jina tulirudishe nyuma kwa leo?"

Jamaa, mtu mwenye akili angesema ndiyo. Mtu mwenye akili angesema, Mzee Mcha, andika AWASILI, halina K hata moja, na maana ni ile ile. Neno hilo nimelikumbuka baadaye. Saa ile nilikuwa nimemkumbuka Bi Mwanaidi, ambaye usiku nilikuwa nimeshamwambia kesho amwite mtu amsomee ukurasa wa mwanzo.

"Jina lisiguswe," nikasema.

"Na habari?"

"Habari utaiponya mwenyewe. Wewe si fundi?"

"Nibadilishe neno?"

"Neno usibadilishe!" (Siku yangu ya kwanza ya cheo nilibandika ukutani tangazo kwamba ni marufuku mpanga herufi kubadilisha neno lolote la mhariri. Nilikuwa nimelipenda sana tangazo lile.) "Wewe panga, kisha niletee prufu nitazame."

Mzee Mcha akanitazama kidogo, kama mtu anayetaka kusema na akaona hapana faida. Akenda zake.

Saa mbili u nusu akaniletea prufu, ile karatasi ya majaribio, bado inanuka wino. Nikaitandika mezani. Nikalitazama jina. H. A. FAKI. Subhana'llah, limekaa! Nikalisogeza karibu, nikaliweka mbali, nikasimama nikalitazama kwa kando. Nukta ziko sawa. K imesimama wima, miguu imeitanua, utasema askari wa zamu. Nikatamani nimwite mtu, nikaona haya.

"Umesoma?" akauliza Mzee Mcha.

"Nimesoma." (Nilikuwa nimesoma. Mara nne. H. A. FAKI, H. A. FAKI.)

"Yote?"

"Mzee Mcha, mimi nimesoma prufu miaka sita. Leo ndiyo nimekuwa wa kuulizwa kama nimesoma?"

Nikatia saini. Kubwa, na mkia.

Saa nne gazeti likatoka. Saa tano kasoro simu ikalia. Sauti ya mtu mzima, imejaa huzuni.

"Ndugu Mhariri, maziko saa ngapi?"

"Maziko ya nani?"

"Si nyinyi mlioandika?"

"Tumeandika nini?"

Akakata. Simu ikalia tena, sauti nyengine: "Anazikwa mjini au huko huko?" Hapo ndipo nilipolivuta gazeti, nikalitazama chini ya jina langu kwa mara ya kwanza leo.

MHESHIMIWA AFIA JAMBIANI.

Yarabi! Mzee Mcha neno hakubadilisha, kama nilivyomwamrisha. Ametoa K tu, akaziba pengo, akaniletea nitazame. AFIKA imekuwa AFIA. Mtu aliyefika salama u salmini nimemfisha mimi, asubuhi na mapema, na saini yangu ipo.

Laiti ingeishia hapo. Chini yake kulikuwa na kichwa kidogo, na kwa herufi ndogo K tunazo nyingi, kwa hiyo kilitoka kizima, hakina upungufu: "Wananchi Washangilia kwa Ngoma na Vigelegele."

Nikaendelea kusoma, kwa sababu sasa ndiyo nilikuwa nasoma kweli. "Wananchi wa Jambiani wamesema jambo hilo wamelingoja kwa muda mrefu." Astaghfirullah. "Wamemshukuru Mheshimiwa na kumwomba asisite kufanya hivyo tena." Tena! "Baada ya hapo Mheshimiwa alikaribishwa wali kwa pweza, akala, akasifu." Maiti imekula pweza na imesifu, na watu walivyokuwa wakinipigia simu kuuliza maziko, inaelekea hapana aliyefika mstari huo.

Nisikufichieni, niliogopa. Watu wameitwa "njoo mara moja" kwa maneno mepesi kuliko haya, na hiyo mara moja yao mpaka leo haijesha. Nikatoka mbio kuyakusanya magazeti. Siku zote gazeti letu linabaki, wauza njugu wanalifungia. Leo limekwisha! Nenda Darajani, limekwisha. Pale foleni ya mchele nikakuta moja tu linasomwa na watu wapatao thelathini, mmoja ndiye mwenye macho, wengine masikio. "Kafa vipi?" "Haikuandikwa." "Na hawa wanaoshangilia?" "Nyamaza wewe, usimalizie." Nikapita nimeinamisha uso, nikasikia mtu anasema, "Nani aliyethubutu kuandika hivi?" Mwenziwe akasoma kwa kuvuta: "Hapa pana jina. H. A. Faki." "Mwanamume huyo!" wakasema wote. Mara ya kwanza katika umri wangu kusifiwa na watu nisiowajua, na nilitamani ardhi ipasuke.

Nikarudi ofisini. Nimekaa, nashika kengele isiyo ulimi, naiacha. Saa sita na robo gari ikasimama nje. Mashine za uchapaji zikanyamaza zenyewe. Mheshimiwa kaingia, mzima, kavaa kanzu ya nyumbani, gazeti mkononi.

"H. A. Faki ni nani?"

"Naam," nikasema. Ilitoka sauti ya mtoto wa chuoni.

"Mimi nimekufa?"

"Hasha, Mheshimiwa!"

"Gazeti linasema nimekufa. Kwa hiyo gazeti linasema uongo?"

Jamaa, huo ulikuwa mtego. Gazeti hili ni la idara yake mwenyewe. Nikisema gazeti linasema uongo, nimekwisha. Nikisema linasema kweli, nimekwisha vile vile. Nikasema, "Gazeti halisemi uongo, Mheshimiwa. Limekosa K."

"Limekosa nini?"

"K, Mheshimiwa. Ni AFIKA. K haikuwepo."

Akalifunua gazeti, akatia kidole. "Na hii 'Wananchi Washangilia', nayo imekosa K?"

"La, Mheshimiwa. Hiyo... hiyo imetimia."

Nyuma yangu mtu alikohoa. Sikugeuka, lakini nadhani hakikuwa kikohozi.

Mheshimiwa akavuta kiti changu akakaa, mimi nimesimama. Akasema, "Nilikuwa nyumbani nnakunywa chai. Wakaingia wanawake, kanga za kichwani zimeteremka, wanalia. Mbele yao bibi mmoja wa Jang'ombe, sauti yake inashinda zote. Akanitazama usoni, akaniuliza, 'Baba, maiti wamemweka chumba gani?' Nikamwambia, maiti ndiyo mimi. Unajua alinijibu nini?"

Nilikuwa nishajua.

"Akasema haiwezekani. Akasema, 'Mkwe wangu ndiye aliyeandika, na mkwe wangu ni Mhariri Mtendaji, jina lake hilo hapo juu, kubwa. Wewe utajua zaidi kuliko yeye?'"

Miaka tisa ya ndoa namtaka Bi Mwanaidi aniamini. Kaniamini leo!

"Sasa nieleze," akasema Mheshimiwa. "K imekwenda wapi?"

Nikafungua mdomo nieleze habari za sanduku, za ng'ambo, za jengo tulilohama. Mzee Mcha hakunipa nafasi. Kaja polepole, kafungua kiganja, na K ile katikati ya kiganja, nyeusi, inang'ara.

"K ni hii, Mheshimiwa. Ilikuwa kwenye jina lake."

"Hukumwambia?"

"Nimemwambia. Nikamwambia ima AFIKA, ima FAKI. Akasema jina lisiguswe."

Mheshimiwa akaichukua K, akaigeuza mbele na nyuma. Akanitazama mimi, akaitazama K, akanitazama tena. Mashavu yakamtetemeka kidogo, sijui kwa hasira au kwa nini. Nilimwomba Mungu iwe kwa nini.

"Cheo sikuondolei," akasema. Nikashusha pumzi. "Nikikuondoa, watu watasema kuna lililofichwa. Kesho ukurasa wa mwanzo, pahala pale pale, herufi zile zile, andika: MHESHIMIWA HAKUFA. Neno kwa neno. Usiongeze, usipunguze. Na jina lako libaki pale pale, kubwa vile vile, na nukta zake. Nataka watu wamjue aliyeniua."

Akairudisha K kiganjani mwa Mzee Mcha, akenda zake. Gari ilipoondoka, jamaa, nilicheka. Nilicheka kwa furaha! Cheo kipo, kiti kipo, jina lipo, tena kwa amri ya Mheshimiwa mwenyewe. Nikamwambia Mzee Mcha atengeneze ukurasa wa kesho hapo hapo, tusilale na deni.

Mzee Mcha hakuondoka. Alikuwa bado kakitandaza kiganja.

"Mhariri," akasema. "K ni moja."

Nikahesabu. FAKI. HAKUFA.

"Tuandike YU HAI," nikasema upesi. "YU MZIMA. AWASILI! Tuandike AWASILI!"

"Kasema neno kwa neno."

"Basi jina tuandike Haji Ali."

"Kasema vile vile, na nukta zake."

"Ile K iliyovunjika mguu?"

"Nshaifanya I, ndiyo iliyomo kwenye jina lako."

Nikakaa. Mzee Mcha akashuka chini. Nikasikia herufi zinagongana, tik, tik, taratibu, kazi ya mtu asiye na haraka. Baada ya Adhuhuri akapanda na prufu, akaitandika mezani mbele yangu. Juu ya habari imekaa HAKUFA, nzuri, na K yake imesimama. Nikapandisha macho.

MHARIRI MTENDAJI H. A. FAI

"Pengo lilikuwa baya," akasema Mzee Mcha. "Nimelisogeza."

Nikaisoma. Nikaisoma bila ya nukta.

"Mzee Mcha," nikamwambia, "hii mtu akiisoma kwa haraka ni HAFAI. Mhariri Mtendaji Hafai."

Akavaa miwani. Akainama, akaipitia herufi moja moja kwa kidole, mwanzo mpaka mwisho, kama nilivyokuwa nikifanya mimi miaka sita.

"Haina kosa," akasema. "Tia saini."

Nimetia. Basi anayetaka kucheka acheke leo na amalize, kwani kesho asubuhi nitapita hapo hapo barazani nnakwenda kazini.